Plagi za iridiamu kwenye IST hapa Dar: zinaongeza nguvu kweli?

Wakuu niende moja kwa moja maana hili swali linaulizwa kila gari ya mtu ikianza kuchoka. Ninayoendesha ni Toyota IST ya 1.5, kizazi cha kwanza kile kilichoanza kutoka Japani 2002, injini 1NZ-FE. Nimetembea nayo na plagi (vile vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta kwenye silinda) za nikeli za kawaida za Denso, K16R-U11, baadae nikaweka NGK Iridium IX, namba BKR5EIX-11, na hizi ndo nataka kuziongelea leo. Pia kwenye gari za ndugu na majirani nimeona kila aina ya ufundi, plagi za pini nne, plagi zilizokatwa ncha, zilizopanuliwa gepu (ile nafasi cheche inaporuka), zilizochomwa moto zikarudishwa. Msimamo wangu ni kwamba kwa gari ya kawaida isiyo na tabo (ile ya kushindilia hewa kwenye injini) plagi haikuongezei nguvu ambayo injini haikuzaliwa nayo, inakurudishia ile uliyoipoteza plagi za zamani zilipoisha, na hiyo nguvu ya kurudishiwa kwa gari zetu hizi za mkononi huwa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Maana angalia hali halisi. Gari inatoka bandarini, mtu anabadilisha oili, anaweka matairi, anaweka redio na tinti, plagi hagusi kabisa mpaka ianze kumisi, yaani silinda kushindwa kuwasha mafuta. Plagi ya nikeli inalika. Kila cheche inaondoka na kachembe kadogo ka chuma, gepu iliyoanza na milimita 1.1 inazidi kuwa pana, na gepu ikiwa pana koili (inayotengeneza umeme wa plagi) inabidi itoe umeme mkali zaidi ndo cheche iruke. Ukiwa unatembea taratibu barabara tambarare hutaona kitu. Ila pandisha Kimara na AC imewashwa, nyuma wamekaa watu watatu, kanyaga mafuta, hapo ndo gari inaanza kusitasita na kukohoa, na dereva anasema injini imechoka, anaanza kuulizia bei ya injini Ilala. Kumbe ni plagi. Mtu wa namna hii akiwekewa iridiamu gari ikachomoka vizuri ataapa kwamba iridiamu inaongeza nguvu, wakati ukimwekea za nikeli mpya zenye namba sahihi gari itachomoka vilevile.

Na hiki nakisema kwa sababu nimetoka kwenye nikeli mpya kwenda iridiamu mpya kwenye gari ileile, njia zilezile. Kwenye kuvuta sijaona tofauti. Kwenye mafuta sijaona tofauti ya kueleweka, na foleni ya Morogoro Road inabadilika kila siku kiasi kwamba mtu akikwambia amepima na kuona lita kadhaa zimepungua muulize amepimaje. Nilichokiona ni sailensi kutulia, yaani gari ikiwa imesimama kwenye taa AC inapojiwasha ule mtikisiko mdogo umepungua, na asubuhi inawaka haraka zaidi hata ikiwa imelala nje na mvua. Hiyo ni faida ya kweli na ina sababu yake. Pini ya katikati ya plagi ya kawaida ina unene kama wa milimita 2.5, ya Iridium IX ni milimita 0.6, na umeme unapenda kurukia kwenye ncha kali kuliko kwenye bapa, kwahiyo cheche inapatikana kwa umeme mdogo zaidi na koili inapumua. Nikeli ukiichonga iwe nyembamba hivyo italika upesi sana, iridiamu inahimili kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400 wakati nikeli inayeyuka kwenye 1,455.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndo wengi wanapopigwa. Wauzaji watakwambia weka iridiamu utasahau habari ya plagi mpaka kilomita laki moja. Inategemea iridiamu ipi! Hizi Iridium IX zina iridiamu kwenye pini ya katikati tu, kile kichuma kilichopinda juu yake bado ni nikeli, na kinalika kama nikeli nyingine. Zile za kukaa laki moja zina madini magumu pande zote mbili, iridiamu katikati na platinamu kwenye kichuma cha juu, kwa NGK ni zile Laser Iridium, kwa Denso utaona namba zinaanza na SK au ile Iridium Tough. Bei haziko sawa na kazi haziko sawa. Kwahiyo mtu anayenunua IX kwa sababu ya kudumu amenunua kitu ambacho siyo alichokitaka, na muuzaji asiyemwambia hivyo amemwonea.

Tuongee namba, maana namba ndo roho ya hii biashara na mafundi wengi wanaipita juujuu, wanaangalia uzi unaingia basi wamemaliza. Chukua K16R-U11. K inakwambia umbo, uzi wa milimita 14 wenye urefu wa milimita 19, na kichwa cha spana ya 16. Hiyo 16 inayofuata siyo ya spana, ni namba ya joto. R ni rezista, kile kizuizi cha umeme ndani ya plagi, U ni ule mfereji kwenye kichuma cha juu, 11 ni gepu ya 1.1. Kwa NGK plagi mwenzake ni BKR5EYA-11, ambapo 5 ndo namba ya joto, na 5 ya NGK inalingana na 16 ya Denso, 6 inalingana na 20. Kwa hawa wawili namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Bosch wao wamegeuza, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi, kwahiyo usichukue namba ya kampuni moja ukaenda nayo kwenye boksi la kampuni nyingine, mwambie muuzaji afungue kitabu cha ulinganisho, na kama hana kitabu wala simu ya kuangalizia nenda duka la jirani.

Plagi ya moto na ya baridi haina uhusiano na cheche kuwa kali. Ni jinsi plagi inavyotoa joto lake kupeleka kwenye silinda hedi kupitia ile kauri nyeupe na uzi. Ya baridi inapoa haraka, ya moto inashikilia joto. Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya nyuzi 450 na kama 870 hivi, chini ya hapo inashindwa kujichoma masizi yake yenyewe, juu ya hapo inaweza kuwasha mafuta kabla ya wakati na pistoni ikatoboka. Vijana wanaopenda spidi wanaambiwa weka plagi ya baridi ndo ya resi. Ni kweli ya resi, kwa injini inayozunguka kwa kasi kubwa muda wote au iliyoongezwa tabo. Sasa wewe unatoka Tegeta saa kumi na mbili asubuhi, Mwenge unafika umesimama zaidi ya ulivyotembea, injini iko sailensi na AC, ncha ya plagi haipati hata joto la kawaida, halafu unaiwekea ya baridi zaidi? Itajaa masizi meusi mapema na gari itaanza kumisi ukiwa humohumo kwenye foleni. Kwa matumizi ya mjini kaa kwenye namba ya kiwanda, na ukipata nafasi ya kwenda Chalinze au Morogoro gari ikafunguka vizuri njiani, plagi zitajisafisha zenyewe.

Haya, marekebisho. Hapa ndo roho yangu inauma zaidi maana mtu analipa hela ili aharibiwe gari.

La kwanza ni kupanua gepu. Fundi anakwambia gepu kubwa cheche kubwa, moto mkubwa, gari inaruka. Cheche ndefu kweli inasaidia kuwasha mchanganyiko mwembamba (hewa nyingi mafuta kidogo), na ndo maana Toyota wenyewe wameshaweka 1.1 ambayo siyo ndogo. Ukienda zaidi ya hapo unaidai koili, na IST ina koili nne, kila plagi na koili yake juu yake. Koili ikilazimishwa muda wote kutoa umeme wa juu insulesheni yake inapasuka ndani, umeme unaanza kuvujia pembeni. Utakuwa umebadilisha gepu bure na umenunua koili kwa hela.

La pili ni kukata kile kichuma cha juu kiwe kifupi, cheche itokee pembeni. Hii ilianzia kwa watu wa resi na kwa injini ya resi inayofunguliwa kila mara ina maana yake kidogo. Kwa gari ya kwenda kazini unapunguza chuma ambacho ndo uhai wa plagi, kona zake kali zinalika upesi na plagi haikai, tena kama fundi amekata kwa msumeno akaacha chembe ndani ya kauri umepata tatizo lingine jipya.

La tatu ni plagi za pini tatu au nne. Watu wanaamini cheche zinatoka nne kwa pamoja. Hapana, umeme unachagua njia moja iliyo rahisi kwa wakati huo, cheche ni moja tu. Faida yake ni kwamba pini moja ikilika umeme unahamia nyingine, yaani zinadumu, basi. Kuna injini za Ulaya zilitoka nazo kiwandani, hizo ziache nazo. Kwa 1NZ hazikuletei kitu cha ziada.

La nne, hili lipo kila gereji, kuchomoa plagi iliyochafuka, kuimwagia petroli, kuichoma moto, kuipiga msasa au brashi ya waya, kuirudisha. Brashi ya waya inaacha alama za chuma kwenye kauri na umeme unapita kwenye hizo alama badala ya kuruka kwenye gepu. Na kwa iridiamu ndo usithubutu, ile pini ni nyembamba mno, brashi moja tu imekwisha. Kama gari imekukatikia njiani usiku na huna namna, sawa futa ufike nyumbani. Kama huduma ya kulipia, kataa.

Tena plagi chafu usiitupe kabla hujaisoma. Ikiwa ya kahawia hafifu, ya kijivujivu, injini iko salama. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, mafuta yanazidi au eya klina imeziba au ndo hizo safari fupi za foleni. Ikiwa imelowa oili, injini inavuja oili ndani, na hapo plagi mpya ni kujidanganya. Nyeupe sana yenye vidonda, kuna joto limezidi. Fundi anayechomoa plagi nne akazipanga kwa mpangilio wa silinda akaziangalia kabla ya kukuuliza hela, huyo mshike, ni mtu wa kazi.

Kununua. Kariakoo na Gerezani plagi zimejaa, feki zimejaa pia, na wa kwanza kukupokea ni winga ambaye hana duka, anakwambia "kaka hii Japani kabisa, box lake hili hapa". Boksi siyo ushahidi, boksi linachapishwa. Rafiki yangu mmoja aliuziwa "iridiamu" ambazo ukiziangalia pini ilikuwa ni nikeli iliyochongwa kwenye kinoo ikawa nyembamba, hata haikukaa katikati. Ninakonunua mimi Gerezani kilichonifanya nirudi ni kitu kimoja, jamaa anakufungulia boksi zote nne juu ya kaunta, anakupa na muda wa kuangalia, haharakishi mtu, na mita ya umeme anayo. Plagi yenye R kwenye namba ina rezista ndani, ukiweka mita juu kwenye kichwa na chini kwenye pini ya katikati inatakiwa isome namba inayozunguka ohmu 5,000, siyo lazima iwe 5,000 kamili, na zote nne zikaribiane. Ikisoma sifuri, hiyo haina rezista na namba iliyoandikwa ni uongo. Ikisoma moja elfu tatu nyingine elfu kumi na tano, rudisha. Halafu angalia kwa macho, maandishi kwenye kauri yawe makali, yasifutike kwa kidole, uzi uwe laini unaong'aa, washa yake (ile ringi ya chuma kwenye uzi) isichomoke yenyewe ukigeuza, pini iwe katikati kabisa ya kichuma cha juu. Na usikubali kuchanganyiwa, tatu za boksi moja na ya nne imetoka kwenye droo.

Bei sitaji maana inapanda na kushuka kila mzigo ukiingia, uliza maduka matatu upate wastani. Ila iridiamu inayouzwa karibu na bei ya nikeli iache hapohapo.

Kufunga nako ni sehemu ya huduma na nakupa vitu vya kumwangalia fundi. Injini iwe imepoa, hedi ya 1NZ ni alumini, uzi ukichomolewa ukiwa wa moto unaweza kung'oka. Kabla ya kufungua plagi apulize upepo kwenye visima vya plagi maana vumbi letu hili likidondoka ndani ya silinda ni msasa. Plagi aanze kuizungusha kwa mkono na boksi spana peke yake bila ratcheti mpaka igote yenyewe, hapo ndo aweke mpini aongeze kama nusu mzunguko ile washa ibanwe, basi. Anayekaza mpaka mishipa ya shingo inamtoka mwondoe. Greisi kwenye uzi haihitajiki, NGK wenyewe wanasema plagi zao zimeshapakwa kinga na ukiongeza ulainisho unakaza kupita kiasi bila kujua. Na akichomoa koili ikatoka imelowa oili, msimame kwanza, hiyo ni gasketi ya tepeti kava au zile ringi za kwenye visima, ibadilishwe siku hiyohiyo, usiweke plagi mpya kwenye bwawa la oili.

Na kama gari inamisi usikimbilie kununua seti. Ipime kwa mashine, ikikwambia kodi ya kosa P0302 ni silinda ya pili. Hamisha koili ya pili uipeleke silinda ya tatu, futa hiyo kodi ya kosa kwenye mashine, endesha. Kosa likihamia P0303 koili ndo mbovu, likibaki P0302 angalia plagi, na plagi nayo unaihamisha hivyohivyo. Kazi ya spana ya 10 na boksi spana ya 16, hamna uchawi.

Kwahiyo nani aweke iridiamu? Kwa IST, Vitz na nyingine zenye injini ya 1NZ au 2NZ ambapo plagi ziko juu, unafungua na kufunga ndani ya muda wa kunywa soda, mi nakushauri K16R-U11 au BKR5EYA-11 za kweli, na uzibadilishe kila kilomita elfu ishirini bila kungoja imisi. Iridium IX nimezipenda kwa ule utulivu na nitazimalizia, ila nikienda dukani tena kwa hela yangu nachukua nikeli. Kama gari yako kiwandani ilitoka na iridiamu au platinamu za muda mrefu, usishuke kwenda nikeli kwa sababu ya bei, rudishia ilichotoka nacho.

Wenye Subaru ndo habari nyingine. Injini imelala, plagi ziko pembeni zimebanana na fremu, kuzifikia tu ni kazi ya kulipia vizuri, kwahiyo pale plagi ya kudumu inajilipa kwenye ufundi peke yake. Forester yenye tabo ongezea umakini wa gepu, maana hewa ikishindiliwa ndani ya silinda cheche inapata shida kuruka, ndo maana gepu zao ni ndogo kuliko za kwetu, 0.7 au 0.8, na ukiweka yenye 1.1 kwa sababu uzi umeingia itamisi kila tabo inapoamka. Nunua yenye gepu sahihi tayari kutoka kiwandani. Ikibidi kurekebisha, fundi ainamishe kile kichuma cha juu taratibu kwa kifaa chake, asiingize bisibisi wala kuegemea ile pini ya katikati, inakatika kama ncha ya penseli, na ikikatika plagi hiyo haifai tena hata kama ni ya leo asubuhi.